Naomba ushauri: dada katolewa uvimbe kwa matundu, sasa homa haishuki

Habari zenu ndugu. Dada yangu, niko naye hapa Kampala, alitolewa uvimbe wa maji kwenye ovari kwa upasuaji wa matundu madogo. Maumivu ya bega tuliambiwa ni ile gesi wanayojazia tumbo, na kweli yaliisha. Ila sasa homa inapanda kila usiku, tumbo limejaa na kuwa gumu, kidonda cha kitovuni kinatoa maji ya njano yenye harufu. Waliompasua wanasema ameze dawa za maumivu tu, asubiri siku ya kliniki. Siridhiki kabisa, nahofia utumbo uliguswa wakati wa upasuaji, maana utumbo ukitoboka, dalili zaweza kuchelewa. Leo hii nampeleka hospitali ya Mulago, ile ya wanawake. Mliopitia haya, niulizie vipimo gani? Na ripoti ya upasuaji naipataje haraka?