Saxophone Colossus au Blue Train: nianze na ipi?

Mpulizaji Mpya
Wakuu, salaam. Mwaka wa pili huu najifunza saksafoni ya tenori. Nataka santuri moja ya jazz nikae nayo mpaka niijue nje ndani, na hela inatosha moja tu. Nimekwama kati ya albamu mbili za wapiga tenori: Saxophone Colossus ya Sonny Rollins na Blue Train ya John Coltrane. Zote zilirekodiwa studio ya Rudy Van Gelder, Hackensack, New Jersey, moja Juni 1956, nyingine Septemba 1957. Nichukue ipi?

Mzee wa Gramafoni
Mwanangu, chukua Rollins. Mle wamo watu wanne tu: yeye, Tommy Flanagan kwenye piano, Doug Watkins kwenye besi na Max Roach kwenye dramu. Hana mpulizaji mwenzake wa kumsitiri, kila pumzi unaisikia. Weka "St. Thomas". Roach anaanza peke yake na mdundo wa kalipso, muziki wa Karibiani, ndipo Rollins anaingia na wimbo ambao hata mtoto ataushika; mama yake alitoka Visiwa vya Virgin, na Rollins aliusikia kwake tangu utotoni. Solo inapoanza, anapiga noti mbili. Mbili tu! Anazirudia, anazichelewesha kidogo, ananyamaza, anazirudia tena kwa namna nyingine. Sisi tukianza kupuliza huwa tuna haraka ya kumwaga kila tulichonacho. Pale utajifunza kungoja.

Dada Tenori
Shikamoo mzee. "St. Thomas" sina ubishi nayo, ila Coltrane lazima nimtetee. Mwanzo wa "Blue Train", saksafoni, tarumbeta ya Lee Morgan na trombone ya Curtis Fuller zinatamka kwa pamoja, piano ya Kenny Drew inaitikia. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za kuitikiana anaelewa papo hapo. Kisha Coltrane anachomoka na ile sauti kali, mwili unasisimka. Nyimbo nne kati ya tano ni tungo zake mwenyewe. Na Morgan alikuwa na miaka 19!

Mpiga Besi
Marahaba ya mzee mtapeana baadaye 😀 Bendi yetu ya dansi ina wapulizaji watatu, na wote wanaiabudu Blue Train kwa sababu hiyohiyo ya dada. Lakini kijana huyu anapuliza peke yake chumbani. "Moment's Notice" ya kwenye Blue Train, kodi (noti zinazopigwa pamoja) zinabadilika mbiombio, itamvunja moyo. Aanze na "Blue 7" ya Rollins: besi inatembea peke yake kwanza, halafu Rollins anakichambua kifungu kimoja kidogo, wimbo mzima ukizidi dakika 11. Mtunzi na mhakiki wa muziki Gunther Schuller aliuandikia wimbo huo makala nzima mwaka 1958.

Santuri Kuukuu
Mbona hamjamtajia wimbo "Tenor Madness", wa albamu ya Rollins yenye jina hilohilo? Mei 1956, Rollins na Coltrane wanapokezana dakika 12.

Mzee wa Gramafoni
Huo akausikilize kwa rafiki. Kwenye albamu ile Coltrane yumo wimbo mmoja tu.

Mpulizaji Mpya
Asanteni sana. Nimechukua Rollins, dada, Blue Train nikijaliwa mwezi ujao. Jana usiku nilijaribu solo ya noti mbili, dakika ya pili haijaisha nikawa sina la kusema. Leo nimekaa na "You Don't Know What Love Is". Noti zile ndefu anavyozishusha taratibu, pumzi inabaki hewani hata sauti ikiwa inakaribia kuzimika. Nimeirudia mara sita.