Seva ya ndani kwenye kompyuta kuukuu za ofisi: IIS, XAMPP au Debian?

Vipuri_Mbeya: Wakuu habari za majukumu. Nina duka la vipuri, nina mashine mbili za mtumba zilizotoka maofisini, moja Dell OptiPlex 755 ya Core 2 Duo RAM 4GB ina Windows 7, nyingine Pentium 4 RAM 1GB ina XP na ndo imebeba programu ya mahesabu ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena. Nataka vijana wa kaunta waone bei na stoku kwenye brauza za simu zao badala ya kunipigia kelele mimi kila dakika. Hela ya mashine mpya kwa sasa haipo. Niende na IIS (programu ya seva ya kurasa iliyomo kwenye Windows), XAMPP (kifurushi cha seva ya Apache, hifadhidata na PHP kinachowekwa juu ya Windows), au nifute niweke Linux kama Debian?

Fundi_Swichi: IIS ya kwenye XP achana nayo kabisa mkuu. Inaruhusu miunganisho 10 tu kwa wakati mmoja na brauza moja inafungua kadhaa, kwahiyo vijana watatu wanne wakiingia pamoja mmoja anapigwa na kosa la 403.9 (watumiaji wamezidi), anaona kama seva imekufa kumbe imejaa. Halafu XP iliacha kupewa apdeti Aprili 2014, Win 7 Januari 2020.

Dada_wa_Maabara: Mi natetea XAMPP. Anajua Windows, vijana wake wanajua Windows, siku akisafiri mtu anafungua tu paneli anabonyeza Start maisha yanaendelea. Mnampeleka Linux, ikigoma saa nne asubuhi wateja wamejaa nani ataigusa? Aangalie tu poti 80 (mlango wa kurasa za wavuti) isiwe imeshikwa na IIS, ndo sababu mojawapo ya Apache kugoma kuwaka.

Tamino255: Hoja ya dada ni ya kweli ila PHP (lugha inayoendesha kurasa) za sasa hazikubali tena Windows 7, maana yake kwenye hiyo Win 7 unabaki na toleo la zamani. Unajenga kitu kipya juu ya msingi uliokwisha. Core 2 Duo ni ya 64-bit, Debian 13 inakaa vizuri tu, usiweke desktopu ya picha, weka nginx (seva ya kurasa) na php-fpm (ya kuendesha PHP) na MariaDB (hifadhidata) basi. Apache ya mod_php (PHP ikiwa ndani ya Apache) kila mchakato unabeba PHP yake, RAM inaliwa bila sababu. Na ikishawekwa vizuri umeme ukikatika ukarudi huduma zinawaka zenyewe, hamna wa kubonyeza Start.

Vipuri_Mbeya: Na hiyo P4 je? Siwezi kuigeuza seva ya pili?

Tamino255: Kama ni ya 32-bit, Debian 13 haina tena kisakinishi chake, Alpine (Linux nyingine nyepesi) bado ipo. Ila hiyo ina mahesabu yako, usiiguse. Chomoa waya wa mtandao, ifanye kazi yake peke yake. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita kwenye mashine za Windows zisizo na apdeti zilizoachwa kwenye mtandao.

Bandari_Kuu: Kabla hujasakinisha chochote fungua kava bana. Hizo bodi za enzi ya P4 angalia kapasita, juu ikivimba au ikitoa utandu wa kahawia hiyo mashine usiiamini, toa data zako mapema. Kisha badilisha betri ya CR2032 (ya saa ya bodi) kwenye zote. Ikiwa imekufa, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma, apt (kisakinishi cha programu cha Debian) inakwambia faili la Release bado halijaanza kutumika, brauza inakataa cheti cha usalama cha tovuti, na mauzo ya leo yanaandikwa tarehe za zamani. Watu wanaformati mashine nzima kwa tatizo la betri! Umeme nao piga hesabu: ikila wati 60 usiku na mchana, siku 30 ni uniti 43. Duka likifungwa izime.

Dada_wa_Maabara: Hapo kwenye PHP nimekubali. Ila aandikiwe karatasi ya hatua ibandikwe ukutani, na asifungue poti yoyote ya rauta kwenda nje.

Vipuri_Mbeya: Nashukuruni sana. Debian kwenye 755, XP naitoa mtandaoni leo. Bakapu kwenye flashi naifanyaje ijiendeshe?

Tamino255: Weka hii kwenye crontab (ratiba ya kazi za kujiendesha) ya root (mtumiaji mkuu), kila siku saa 12 jioni isipokuwa Jumapili:

`0 18 * * 1-6 mariadb-dump stoku | gzip > /mnt/flashi/stoku-$(date +\%F).sql.gz`

Hiyo \ kabla ya % usiitoe, cron bila hiyo inaikata amri hapohapo.