Viumbe wa sayari nyingine kwenye hadithi: kwa nini kila mara dume na jike?

#1 Mleta mada
Wakuu, hili linanikera siku nyingi. Mwandishi anabuni kiumbe mwenye macho sita na damu ya kijani, anayevuta hewa ambayo ingetuua sisi papo hapo. Halafu analetwa mke wake, na mke ana kiuno chembamba na sauti nyororo! Ubunifu wote uliishia kwenye ngozi.

Hapahapa duniani maumbile yamekwenda mbali kuliko waandishi hao. Tetrahymena, kiumbe wa majini wa seli moja, ana jinsia saba, na kila moja inapatana na yoyote isiyokuwa yake. Uyoga mdogo unaoota kwenye magogo, Schizophyllum commune, una zaidi ya 23,000. Kwa farasi-bahari, anayebeba mimba ni dume. Hoja yangu fupi: dume na jike kwa kiumbe wa kubuni ni uvivu. Nani anabisha?

#2
Nabisha mimi. Mkuu, umechanganya mambo mawili. Hizo 23,000 za uyoga ni kama kufuli na funguo, za kupunguza ndugu kupatana na ndugu. Hakuna jinsia hapo inayotoa yai na nyingine mbegu. Tena pamoja na wingi wote huo, wanaoungana ni wawili wawili. Hadithi za "lazima wakutane watatu ndipo mtoto apatikane" ni tamu kusoma, ila viumbe hao wakipungua kidogo tu wamekwisha. Kumpata mwenza mmoja peke yake ni kazi. Mtazame yule samaki wa kilindini anayening'iniza taa kichwani. Kwa baadhi ya spishi zake, dume akibahatika kumkuta jike gizani humng'ata na haachii tena: ngozi zinaungana, mishipa ya damu inaungana, naye anabaki kuwa kifuko cha mbegu kilichobandikwa ubavuni.

Sasa yai na mbegu. Mwaka 1972 wanabiolojia Parker, Baker na Smith walilieleza vizuri. Tuseme seli za uzazi zinaanza zikiwa na ukubwa wowote ule. Anayetoa ndogo nyingi anafaidika kwa kukutana na wengi. Anayetoa kubwa chache anafaidika kwa sababu mtoto wake anaanza maisha na akiba. Wa katikati anapigwa pande zote mbili. Hesabu hiyo haitaji Dunia popote. Kokote ambako seli mbili huungana na akiba ina thamani, nategemea kukuta yai na mbegu. Kiuno chembamba ndicho uvivu. Yai silo.

#3
Mbona mnaliruka kubwa kuliko yote, mtoto chotara? Mtu na mgeni wa nyota nyingine wanapendana, kurasa kumi mbele kuna kichanga. Farasi ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 64, punda 62, ni ndugu wa karibu kabisa, na bado baghala wao mwenye 63 karibu kila mara ni tasa. Huyo mgeni hana hata babu mmoja wa pamoja nasi. Afadhali mngemwoza mtu kwa uyoga wa mleta mada, angalau jeni zao zinasomwa kwa msimbo mmoja.

#4
Kwa hoja hiyo hata lile dude linalotaga ndani ya mwili wa mtu litupwe? Naliombea msamaha, nalipenda.

#3
Libaki kwa masharti. Nyigu wanaotaga ndani ya viwavi wapo kweli, na mwaka 1860 Darwin alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwamba hawezi kuamini Mungu mwema aliwaumba nyigu hao kwa makusudi ili wawatafune viwavi wakiwa hai. Lakini baadhi yao huingiza, pamoja na yai, virusi vinavyozima kinga ya kiwavi. Huo ni mweleka wa mamilioni ya miaka kati ya nyigu na kiwavi wake. Dude lililotua jana limejifunzia wapi miili yetu?

Na kuna chakula. Asidi za amino, vipande vinavyojenga protini, huweza kuwa na maumbo mawili yanayopishana kama mkono wa kushoto na wa kulia, na zetu karibu zote ni za mkono wa kushoto. Dude likiwa la mkono wa kulia, litaanguliwa ndani ya mtu na kufa njaa likiwa limezungukwa na nyama.

#1 Mleta mada
La yai nimelikubali, kiuno nakibakiza kwenye mashtaka. Ila #2 anaongea kana kwamba kupatana ni lazima kila mara. Vidukari majike huzaa majike kizazi baada ya kizazi bila dume. Madume hujitokeza baridi ikikaribia. Kwa hiyo dume anaweza kuwa wa msimu tu.

Nina kiumbe wangu ninayemwandika. Anaishi kwenye mwezi kama Titan, ule wa sayari ya Zohali, nyuzi 179 chini ya sifuri, kando ya ziwa la methani. Kwa baridi hiyo kemia inatambaa. Kuna pweza wa kilindi cha Pasifiki aliyefuatiliwa tangu 2007 akiatamia mayai yaleyale miezi 53, kwenye maji ya nyuzi 3 hivi, na hakuonekana akila hata mara moja. Wangu nimempa miaka elfu. Ukimwona utadhani jiwe. Madume hutokea mvua ya methani inaponyesha. Nilipokwama: mbegu itaogeleaje humo?

#2
Isiogelee. Chavua haiogelei, inapeperushwa. Hewa ya Titan ni nzito kuliko yetu na nguvu ya uvutano huko ni kama sehemu moja ya saba ya hii yetu, vumbi likipanda halishuki haraka. Mpe upepo. Mimi kinachonisumbua ni hiyo miaka elfu. Pweza wako alikuwa na mwili wa kujila. Jiwe lako linajila nini?