Niko Rombo, kompyuta ya kazini iko Kariakoo: naingiaje bila kumwachia mlango kila mpita njia?

Mama Vitabu

Wakuu salaam. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, ofisi yetu iko ghorofa ya tatu Kariakoo. Mama yangu kavunjika nyonga, nimekuja Rombo kumuuguza, na kwa ninavyomwona mwezi utaishia huku. Tajiri amenielewa. Tarehe 20 ndiyo isiyoelewa: ritani ya VAT lazima iende.

Vitabu vyote vimo kwenye kompyuta ya mezani pale ofisini, ndani ya programu ya uhasibu ya kizamani isiyojua mambo ya mtandaoni. Kutumiana faili tumeshajaribu. Msaidizi wangu alinirushia kopi kwa WhatsApp, nikaingiza ankara kama arobaini, kumbe naye kule anaendelea kuingiza mauzo kwenye faili lake. Tukawa na vitabu viwili vya duka moja! Kuvipatanisha kulinila siku mbili.

Fundi wetu anasema kazi ni ndogo: atafungua poti 3389 (mlango wa mtandao) kwenye rauta, mimi nifungue Remote Desktop, ile huduma ya Windows ya kutumia kompyuta ukiwa mbali, niandike anwani, niingie. Roho yangu inasita. Kwanza, nywila ya ile kompyuta ni jina la duka na 123 (chekeni taratibu). Pili, jirani yetu wa ghorofa ya chini aliwahi kuamka akakuta mafaili yake yote yamefungwa na kuna ujumbe wa kudai pesa.

Kule kuna Windows 10 Pro, rauta ya laini ya simu, na UPS inayohimili dakika kumi. Huku nina laptopu na bando, na mtandao unategemea umekaa upande gani wa mgomba. Nifanyeje?

Bando Halitoshi

Dada, weka AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Dakika tano umemaliza.

Fundi wa Sakina

AnyDesk inafanya kazi, sibishi. Ila ukiiweka ili uingie bila mtu wa kukukubalia upande wa pili, iwe na nywila yake ndefu, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Na mwambie msaidizi wako mapema: mtu akipiga simu akajitambulisha kuwa ni wa benki au wa kampuni ya simu, akataka asomewe zile tarakimu za AnyDesk, akate hapo hapo. Watu wameibiwa kwa njia hiyo.

Sasa hilo la poti. Mama Vitabu, roho yako imesita vizuri. 3389 ndiyo namba ya kawaida ya Remote Desktop, na dunia nzima inaijua. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga namba hiyo na kujaribu nywila moja baada ya nyingine. Jina la duka na 123 halifiki asubuhi. Hata nywila ikiwa ngumu, mwaka 2019 liligundulika tundu lililopewa jina BlueKeep, lililomwezesha mtu kuingia kwenye Windows za zamani kupitia huduma hiyo bila nywila yoyote.

Halafu fundi wako huenda akahangaika bure. Rauta za laini ya simu mara nyingi hazina anwani yao wenyewe kwenye intaneti, mtandao wa simu unawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwambie aangalie anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, ndani ya rauta. Ikianza na 10, au na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, afungue poti hata ishirini, kutoka nje hutazifikia.

Mimi ningeweka Tailscale kwenye kompyuta zote mbili, kwa akaunti moja yenye hatua mbili. Kila kompyuta inatoka yenyewe kwenda nje, zinakutana huko na kuongea kwa njia iliyofungwa kwa usimbaji wa WireGuard. Rauta haiguswi. Kompyuta ya ofisini itapata anwani inayoanzia 100, na hiyo ndiyo utakayoiandika kwenye Remote Desktop. Bahati yako kule ni Pro. Windows Home haipokei Remote Desktop. Na hiyo nywila badilisha LEO.

Faida utakayoipenda: kinachosafiri ni picha ya skrini na vidole vyako tu. Faili linabaki Kariakoo, na mgomba ukikata mtandao katikati ya ankara, ukirudi unaikuta ulivyoiacha.

Mzee wa Mafaili

Msisahau sheria. Tailscale ni aina ya VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba watu na kampuni wanaotumia VPN wasajili matumizi yao. Tajiri alishughulikie kwa jina la kampuni, dada asije akalibeba peke yake.

Pia Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inayobeba vitabu vya duka zima haifai kukaa hivyo.

Mama Vitabu

Narudisha majibu. Tajiri kapeleka suala la TCRA kwa mwanasheria wake, na Windows 11 nasikia anaipigia hesabu. Fundi kaangalia WAN: inaanza na 100.80. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza hiyo Tailscale inaandikwaje.

Niliingia mara ya kwanza saa nne asubuhi, nikafurahi kama nimefika Kariakoo kwa miguu yangu. Dakika moja baadaye simu inaita, msaidizi anapiga kelele: "Dada, kompyuta imejifunga, mteja wa mabati amesimama!" Kumbe nikiingia mimi, yeye anatolewa.

Fundi wa Sakina

Nisamehe, hilo nililipita. Windows ya kawaida inahudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Gawaneni saa. Na usingizi wa kompyuta uzimwe, kisha kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, kuna mpangilio wa kuifanya ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Hizo dakika kumi za UPS hazitakufikisha mbali.

Mama Vitabu

Tumegawana: mchana wake, mimi kuanzia saa mbili usiku, mama akishakunywa dawa. Usiku wa pili niligonga nikakuta kimya, msaidizi kaizima kwa mazoea alipofunga duka. Sasa kabandika karatasi juu ya kitufe: USIZIME, DADA YUMO NDANI. Tajiri kaiona, kauliza dada gani.

Ritani imeenda tarehe 18.