Maduka ya pinde acheni kuwauzia vijana wetu mishale myepesi ya kuwindia elki

Wakuu, salaam kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nipo Colorado, Marekani, na huku Septemba ndiyo msimu wa kuwinda elki kwa upinde. Kwa asiyemjua, elki ni jamii ya kulungu wa milimani, ila usimfikirie yule kulungu mdogo unayemjua wewe. Dume aliyekomaa anapita kilo 300, ana kombe la bega pana, mbavu nene na misuli juu ya misuli. Ndugu zetu wengi kutoka Bongo, Kenya na Kongo wameingia kwenye uwindaji huku, na wengine wamekata leseni mwaka huohuo walioshika upinde kwa mara ya kwanza. Hao ndio wanaoliwa hela madukani, na anayeumia zaidi ni mnyama.

Kilichonifikisha hapa ni hiki. Mpwa wangu alikwenda kwenye duka moja la pinde (jina silitaji, mods mtulie) akasema wazi kabisa kwamba anakwenda kuwinda elki. Muuzaji akampa mishale ya kaboni ambayo kwa ujumla, pamoja na kigumba chake (ile ncha kali ya mbele), ina uzito wa greni 350, kama gramu 22.7 kila mmoja. Vigumba vyenyewe ni vile vya kufunguka, ambavyo mabawa yake yanalala mshale ukiwa hewani halafu yanafunguka ukigonga mnyama. Akamsifia kasi. Akapiga mshale mmoja palepale mbele ya kipima kasi: futi 310 kwa sekunde. Kijana akafurahi, akalipa.

Porini dume akajitokeza mita kama 25, ametupa ubavu. Mpwa akavuta, akatulia, akaachia. Mnyama akasogea nusu hatua na mshale ukampata kwenye kombe la bega badala ya nyuma yake. Tulisikia mfupa ukilia. Mshale haukuzama hata urefu wa kiganja, na aliporuka kukimbia ukadondoka. Tulifuata damu mpaka giza likaingia, asubuhi tukarudi, matone yakawa yanazidi kuachana hadi yakapotea kabisa kwenye mawe. Hatukumpata.

Kile kigumba ninacho. Shina lake la alumini limepinda pale linapokutana na skrubu. Bawa moja limefunguka na limekatika nusu. La pili halijafunguka kabisa, bado limebanwa na kile kipete cha plastiki kinachotakiwa kupasuka likigonga. Kwenye ncha kuna nywele na unga wa mfupa. Mpwa wangu alikishika kwa muda halafu akaniuliza, "Mjomba, mbona aliniambia hiki ndicho cha elki?"

Tukarudi nacho dukani. Jibu tulilopewa: pigo lilikuwa baya, kifaa hakina tatizo.

Hapo ndipo damu ilinichemka. Ndugu zangu, pigo likiwa zuri, mshale ukapita katikati ya mbavu na kutoboa mapafu yote mawili, karibu kila kigumba chenye makali kitaua. Hakuna haja ya kumlipa mtu akushauri kwa ajili ya siku hiyo. Mshale unachaguliwa kwa ajili ya siku mnyama anaposogea, siku unapokutana na bega, siku anapokuwa amesimama mshazari kuliko ulivyodhani. Muuzaji anayesema kifaa kiko sawa ilimradi usigonge mfupa, amemuuzia mwindaji wa elki mshale wa kulenga shabaha.

Sasa hii habari ya kasi inatoka wapi? Kasi inayoandikwa kwenye matangazo ya pinde za kisasa hupimwa kwa kipimo maalumu: upinde wenye nguvu ya kuvuta ya paundi 70, urefu wa mvuto wa inchi 30, na mshale wa greni 350. Basi. Ni uzito wa kulinganishia upinde mmoja na mwingine. Hakuna aliyekaa akasema greni 350 ndizo zinazofaa kumpiga mnyama wa kilo 300. Ila namba ile inauza, kwa hiyo duka linataka mteja aione kwenye kipima kasi chake, na njia rahisi ya kuiona ni kumpa mshale mwepesi uleule wa tangazo. Huu ni udanganyifu, na wanaoufanya wanajua.

Tuweke hesabu mezani maana wapo watakaokuja kubisha. Greni 350 ni kama gramu 22.7. Ukirushwa kwa mita 94 kwa sekunde (ndizo hizo futi 310), mshale unabeba nishati ya jouli 100 hivi. Chukua upinde uleule, weka mshale wa greni 550, yaani gramu 35.6. Utashuka hadi mita 76 kwa sekunde, na nishati itabaki ileile au izidi kidogo, kwa sababu upinde hauwezi kutoa zaidi ya ulichonacho. Lakini momenta, yaani uzito mara kasi, inapanda kwa zaidi ya robo. Na momenta ndiyo inayousukuma mshale uendelee mbele baada ya kukutana na ngozi, mbavu na nyama. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata mishipa na kuyafanya mapafu yasinyae. Usipofika ndani, hujafanya kitu zaidi ya kumtesa kiumbe.

Watasema mwepesi unamuwahi mnyama kabla hajashtuka. Si kweli. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwa mita 25, mlio wa ugwe, yaani kamba ya upinde, unafika masikioni mwake kwa sekunde 0.07. Mshale wa haraka unafika kwa sekunde 0.27, mzito kwa 0.33. Yote miwili imeshachelewa, na tofauti kati yake haifiki hata sekunde 0.1. Tena mshale mzito hunyonya nguvu nyingi zaidi ya upinde, kwa hiyo upinde unalia kidogo na kutetemeka kidogo. Nakubali kitu kimoja: mshale mwepesi unaruka umenyooka zaidi, hivyo ukikosea kukadiria umbali unakusamehe. Ila leo nani anawinda elki bila kipima umbali shingoni?

Kuna mtu anaitwa Ed Ashby ambaye alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi mishale inavyozama kwa wanyama wakubwa, na kazi yake ya mwanzo aliifanya Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980. Wengi wanamjua kwa ile greni 650, uzito ambao aliona mshale unaanza kuvunja mfupa mzito mara nyingi. Wanasahau kwamba kwenye orodha yake uzito si namba moja. Namba moja ni uimara: kigumba kisipinde, kisikatike, skrubu isilegee, uti wa mshale (ule mwili wake mrefu) usipasuke. Namba mbili ni mshale kuruka umenyooka. Kikipinda kigumba, hayo mengine yote hayana kazi. Sasa rudia kusoma nilichoeleza kuhusu kile kigumba cha mpwa wangu.

Kwa elki msimamo wangu ni huu: chini ya greni 450 usithubutu, na ukiwa na upinde wa paundi 60 kwenda juu, 500 hadi 600 ndipo mahali pake. Uzito uongezwe mbele, siyo kutafuta tu uti mnene. Pima mwenyewe. Sawazisha mshale juu ya kidole, pima kutoka mahali ugwe unapokaa hadi pale ulipotulia, toa nusu ya urefu wa mshale, gawa kwa urefu wote. Mshale wa sentimita 71 ukitulia kwenye sentimita 45, una asilimia 13 na ushee mbele ya kati. Huo ni mwanzo mzuri. Wa mpwa wangu haukufika hata 9.

Na hapa kuna kosa jingine la duka ambalo watu hawalioni. Ukiongeza uzito mbele, uti unapinda zaidi upinde unapousukuma. Uti ulioandikwa 400 unaweza kufaa kwa kigumba cha greni 100, lakini ukiweka cha 200 unakuwa mlaini kupita kiasi na mshale unatoka ukiyumba. Namba ndogo ndiyo uti mgumu: 300 ni mgumu kuliko 400. Ni kipimo cha jinsi uti unavyopinda ukitundikiwa uzito wa gramu 880 katikati. Kwa hiyo anayekwambia "ongeza tu kigumba kizito" bila kukuuliza urefu wa mvuto wako na ugumu wa uti wako, mkimbie. Piga mshale kupitia karatasi iliyokazwa kwenye fremu, mita mbili mbele yako, uone tundu. Likiwa limechanika pembeni, mshale unaruka kiubavu na utapoteza nguvu kabla haujaanza kukata.

Vigumba sasa. Kwa elki nataka kigumba kisichofunguka, chuma cha pua kizima au angalau shina la chuma, bawa nene, makali mawili au matatu. Kile kirefu chembamba, urefu mara tatu ya upana, kinapenya kuliko kifupi kipana. Vile vyenye makali yaliyonolewa upande mmoja kama patasi vinajizungusha vinapoingia na vinapasua mfupa badala ya kukwama. Sheria ya Colorado inataka upana usiopungua inchi 7/8, kama milimita 22, na makali ya chuma, kwa hiyo hata kigumba chembamba cha kawaida kiko ndani ya sheria. Vya kufunguka vinakata inchi 2, sawa, tundu linavutia kwenye video. Lakini kufunguka kunakula nguvu, na tundu pana linahitaji nguvu zaidi kulisukuma. Kwa kulungu mkia mweupe wa kilo 60, mbavu nyembamba, upinde mzito, sina ugomvi navyo. Kwa elki, hapana.

Halafu ubora wenyewe! Boksi limeandikwa kila kigumba greni 100, ambazo ni gramu 6.5. Nimevipima kwenye mizani ya sonara: gramu 6.1, gramu 6.5, gramu 6.8. Nikavifunga kwenye mishale, nikazungusha kila mmoja juu ya meza ya kioo. Viwili vinayumba kwenye ncha, unaona kwa macho kabisa. Kwenye boksi wameandika makali ya wembe, na havinyoi hata nywele za mkono. Zaidi ya dola 50 kwa vitatu. Huu ni wizi mtupu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wa kwetu wanajua haya tangu enzi. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi hawana mshale mmoja wa kila kitu. Ndege na wanyama wadogo wana wao wa ncha ya mti, kuna wenye kigumba cha chuma kipana usio na sumu, na kwa mnyama mkubwa kuna wa chuma uliopakwa sumu. Wata wa upande wa Tsavo walikuwa na pinde ndefu ambazo wanaume wengi wenye nguvu walishindwa kuzivuta, na sumu ya mti wa msunguti, kwa sababu walikuwa wanamwendea tembo. Mnyama kwanza, mshale baadaye. Leo kijana wetu anaingia kwenye duka lenye taa na mashine, anataja mnyama, na muuzaji anamjibu kwa namba ya kasi.

NYONGEZA: Wameniuliza PM kama haya yanaweza kufanyika nyumbani. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Tanzania kuwinda bila leseni ni ujangili, na sumu imekatazwa. Msinitafutie kesi.

NYONGEZA 2: Kuna mdau anasema mjomba ndiye alipaswa kukagua mishale. Kijana ni mtu mzima, alikwenda kwa mtaalamu anayelipwa, akataja mnyama, akauziwa kitu kisichofaa mnyama huyo. Lawama iko dukani na nitaendelea kuiweka dukani.

Ninachoomba kwa walioko Colorado, Wyoming, Montana na hata Alberta: kama umenunua vigumba vya kufunguka mwaka huu, pima kila kimoja kwa gramu, zungusha mshale mezani, jaribu makali kwenye nywele za mkono, halafu weka picha na namba hapa chini. Kama ulitaja elki ukapewa mshale wa chini ya greni 400, andika pia. Nazikusanya zote, nazichapa, na Jumamosi napeleka kwa mwenye duka mwenyewe, siyo kwa yule wa kaunta.