Motahomu kuukuu: tuanze na kabati au sakafu?

Shikamooni wakubwa zetu, na rika langu hamjambo.

Mimi na mwenzangu tumenunua motahomu, lile gari lenye nyumba ndani yake, ya mwaka 1996. Injini haina tatizo, lakini ndani ni giza tupu: kabati za kahawia, vitambaa vya viti vimepauka, zulia linanuka ukiwasha hita. Tumeshanunua makopo mawili ya rangi nyeupe na mbao za vinili (plastiki) za kupachika sakafuni. Ujira wa mafundi huku ugenini mnaujua wenyewe, kwa hiyo tutafanya kwa mikono yetu, wikendi tatu. Aliyewahi kupita njia hii atuambie: tuanze na kabati au sakafu?

Mama Mapacha

---

Jibu: Motahomu kuukuu

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa gari.

Msianze na kabati wala sakafu. Anzeni na kidole gumba. Ingieni humo mchana kweupe, mbonyeze kuta shibiri kwa shibiri, kutoka darini hadi chini: pembe zote, chini ya kila dirisha, kuzunguka tundu la hewa la darini, na kule nyuma ya kabati za juu ambako mkono haufiki mpaka upande kitini. Ukuta mkavu ni mgumu, kidole kinagota. Ulioingia maji unabonyea kama katoni iliyonyeshewa. Hiyo harufu ya zulia mnayoisikia hita ikiwaka, mimi ningeitilia shaka sana.

Magari mengi ya miaka hiyo, kuta zake ni bati jembamba la alumini kwa nje, papi za mbao na povu jeupe katikati, na kwa ndani plaiwudi ya milimita 3 tu iliyobandikwa karatasi ya urembo. Maji yakipenya kwenye kiungo cha bati hayana pa kutokea. Papi inayanywa, plaiwudi inaoza kuanzia upande usiouona, na ile karatasi inabaki inang'aa kana kwamba hakuna lililotokea.

Nayajua haya kwa sababu mimi nilipaka kwanza. Nilipaka kabati zote, nikatandika sakafu, nikashona hadi mapazia, nikawatumia watu picha. Mvua zilipoanza, doa la rangi ya chai likachomoza juu ya kitanda, upana wa sahani. Nikachukua bisibisi kuchokonoa kidogo. Ikazama hadi kwenye mpini bila kusukumwa. Nilipofungua ukuta, papi mbili za mlalo na moja ya wima zilikuwa unga mweusi kama ugoro. Nilizitoa kwa kijiko. Kazi yote ya mwanzo nikaibomoa mwenyewe.

Kwa hiyo tafuteni pia kipimo cha unyevu, kile chenye sindano mbili. Pimeni kwanza mahali mnapojua ni pakavu, mathalani ubao wa katikati ya gari, ndipo mlinganishe na pembe. Chini ya asilimia 15 laleni usingizi. Ikipita 20 kuna maji yanaingia mahali. Ikifika 30, hesabuni kwamba mbao imeshaanza kuharibika.

Mkikuta maji, kazi inaanzia nje, si ndani. Toeni ule utepe wa alumini unaofunika kiungo, kwangueni gundi yote ya zamani, wekeni mkanda mpya wa butili (mpira laini unaonata), mrudishe utepe kwa skrubu zisizoshika kutu. Tafadhalini sana, msipake silikoni ya bafuni juu ya ufa mkadhani mmeziba. Ikishaganda, gundi nyingine yoyote inakataa kushika juu yake, na atakayekuja kurekebisha baadaye atawalaani. Mkishaziba, fungueni ndani na muache mbao zikauke kabisa, hata kama ni wiki kadhaa na mashine ya kukausha hewa inanguruma usiku kucha. Ukifunika mbao mbichi umefungia uozo ndani. Papi iliyolainika ikateni hadi mfike kwenye mbao ngumu, muunge mpya kwa gundi na skrubu, mrudishe povu na plaiwudi. Na msishushe kabati zote za juu kwa mpigo mmoja. Katika magari mengi ndizo zinazoshikamanisha dari na ukuta. Shusheni moja, mmalize, mrudishe, ndipo muende nyingine.

Jambo la pili ni uzito, na hapa nitawavunja moyo. Zile mbao za vinili mlizonunua, kama bado zina risiti, zirudisheni. Ni nzito mara kadhaa kuliko vinili nyembamba ya roli, na gari linapopigwa jua kisha baridi, viungo vyake vinaachana. Magari mengi ya aina hii yamesajiliwa kwa uzito wa juu wa kilo 3,500, na humo mmo watu, maji, gesi, baiskeli na mablanketi. Bamba moja la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) la milimita 12, la futi 8 kwa 4, lina karibu kilo 27. Plaiwudi nyepesi ya mpopla ya ukubwa huohuo ni kama kilo 16. Tengenezeni kabati tano kwa MDF muone. Kabla hamjagusa kitu pelekeni gari kwenye mizani, mpime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, kisha mpime tena mkimaliza.

Rangi yenyewe ni kazi ndogo. Osheni mafuta ya jiko, pigeni msasa laini wa kuchubua mng'ao tu (ile karatasi ni nyembamba, mkizidisha mmeitoboa), praima (rangi ya msingi) ya kushika kwenye sehemu laini, halafu mikono miwili myembamba ya rangi. Acheni ikomae siku nyingi kabla ya kufunga milango, la sivyo itagandana na fremu.

Gesi msiiguse, aje mwenye cheti. Ila yale matundu ya sakafuni yanayopitisha upepo baridi, ambayo kila mtu anatamani kuyaziba, yaacheni wazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini, na hayo ndiyo mapito yake ya kutokea. Viti vyenye mikanda navyo visibaki na kitu kilichobadilishwa zaidi ya kitambaa.

Babu wa Karakana

---

Jibu: Motahomu kuukuu

Babu kamaliza, mimi nachomekea umeme tu kwa kuwa yeye kauruka.

Dada, taa za zamani humo pengine ni za halojeni za wati 10. Ukiwa nazo nane zinakula wati 80, yaani karibu ampea 7 kwenye volti 12. Betri ya risasi na asidi ya saa-ampea 100 si vizuri kuishusha chini ya nusu, basi mna saa 7 tu za mwanga, hapo pampu na hita hazijaomba chochote. Wekeni LED za wati 2: zote nane ni wati 16, ampea moja na theluthi hivi. Hakuna kitu cha bei ndogo kitakachowafaa zaidi ya hicho.

Mkiongeza waya wowote, fyuzi ikae jirani kabisa na betri, si kule kwenye taa. Fyuzi inalinda waya. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, na kikichubuka mahali kinawaka. Mkishawishiwa kuhamia betri za lithiamu, jueni kwamba zile za fosfeti ya chuma hazichajiwi chini ya nyuzi 0, na chaja yenu ya mwaka 1996 haikutengenezwa kwa ajili yake. Umeme mkubwa wa kuchomeka nje mwachieni fundi mwenye leseni.

Dada wa Nyaya

---

Jibu: Motahomu kuukuu

Babu, tumebonyeza.

Kushoto ni kugumu kote, tukaanza kushangilia. Pembe ya nyuma kulia, chini ya dirisha, mwenzangu aliweka kidole tu na karatasi ikapasuka. Kipimo kinasoma 34. Tumefungua kipande cha ukubwa wa daftari, maji yanaanzia kwenye taa ya juu ya nje ambayo mtu aliizungushia silikoni, babu, tena ya bafuni. Uozo unashuka kama sentimita 60 halafu mbao inakuwa ngumu.

Vinili imerudi dukani. Rangi ipo chini ya meza, itasubiri. Swali langu sasa: hiyo papi ya wima imeshikana na fremu ya dirisha. Nikate nikiwa nimetoa dirisha, au naweza kuliacha?

Mama Mapacha

---

Jibu: Motahomu kuukuu

Toa dirisha, mwanangu. Gundi yake nayo ina umri huohuo. Muwe wawili, mmoja ashike nje, na mchague siku isiyo na mawingu.

Babu wa Karakana