Uwiano wa mgandamizo wa 11.5 kwa 4A-GE ya barabarani: naomba ushauri kabla hedi haijasagwa

Mkaazi wa Lang'ata:
Hamjambo, ndugu zangu. Nina Toyota yenye injini ya 4A-GE ya valvu 16, ile iliyotoka kiwandani na uwiano wa mgandamizo wa 10.3 (yaani nafasi ya silinda pistoni ikiwa chini ni mara 10.3 ya ile inayobaki ikiwa juu), na kwa sasa imefunguliwa katika karakana moja hapa Nairobi. Silinda zilikuwa zimelika, kwa hiyo zimechongwa kutoka milimita 81 hadi 81.5, na pistoni mpya za umbo lilelile zimekwisha kununuliwa. Kemshafti (shafti zinazofungua valvu) na kompyuta ya injini ni zile za kiwanda. Fundi anashauri hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, isagwe mpaka uwiano ufike 11.5, na ushahidi wake ni injini nyingine aliyoijenga hivyo, ambayo inatembea hapa mjini bila kugonga ndani ya silinda. Gari hili ni la kwenda kazini, na kila likizo huwapeleka wanangu kwa bibi yao Mombasa, likitumia petroli ya kituo chochote tutakachokikuta njiani. Je, 11.5 ni salama?

Mwana wa Makupa:
Ndugu, omba hedi hiyo isiguswe kwanza. Injini kutogonga Nairobi si ushahidi wa kutosha kwa gari litakaloteremka pwani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni takribani asilimia 82 ya lile la huku kwetu, hivyo silinda huanza kugandamiza hewa iliyo nyepesi zaidi. Kwa hesabu yangu, shinikizo la mwisho wa mgandamizo katika injini ya 11.5 ikiwa Nairobi linakaribia lile la injini ya chini kidogo ya 10 ikiwa Mombasa. Ukiongeza joto la pwani katika hewa inayoingia, unakuwa umelihamishia gari katika mazingira ambayo fundi wako hajalijaribu.

Tena hatari kubwa haiko katika kuteremka, bali katika safari ya kurudi, pale mnapopanda kutoka Mombasa kuelekea Mazeras nyuma ya malori, gari likiwa limejaa watu na mizigo, gia ikiwa kubwa na mizunguko ya injini ikiwa midogo. Injini inapozunguka polepole huku pedali imekanyagwa sana, mchanganyiko wa mafuta na hewa uliosalia pembezoni mwa chemba (nafasi ya kuunguzia iliyo juu ya pistoni) hupata muda wa kujiwasha wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Huko ndiko kugonga kwenyewe, na watoto wakiwa garini sitaki usikie sauti hiyo.

Torna na Byureti:
Namuunga mkono ndugu wa Makupa, na ningependa tutazame pia faida inayotafutwa. Kutoka 10.3 hadi 11.5, hesabu ya ufanisi wa injini inatoa nyongeza ya karibu asilimia 3, nayo hupatikana tu iwapo taimingi (wakati wa plagi kurusha cheche) inabaki mahali pake. Ukilazimika kurudisha taimingi nyuma ili injini isigonge, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inapotea, nawe unabaki na injini yenye joto zaidi na isiyovumilia petroli dhaifu.

Jambo ambalo huenda fundi hakulihesabu ni kwamba uwiano umekwisha kupanda. Kwa kipenyo cha 81 na mwendo wa pistoni wa milimita 77, silinda moja ilikuwa na sentimita za ujazo 396.8, na nafasi inayobaki juu ya pistoni ilikuwa takribani 42.7. Kwa kipenyo cha 81.5, silinda ina 401.7, na nafasi ya juu ikibaki ileile, tayari una 10.4 bila kusaga chochote. Ili ufike 11.5, nafasi hiyo lazima ishuke hadi 38.3, jambo linalodai kuondoa karibu milimita moja ya uso wa hedi. Hedi ikishuka kiasi hicho, mkanda unaozizungusha kemshafti huzichelewesha kidogo, valvu husogelea pistoni, na ukija kuunguza gasketi siku za usoni hakuna chuma cha kutosha kusagwa tena.

Mkaazi wa Lang'ata:
Nawashukuru sana. Fundi amejibu kwamba tukiweka kemshafti za nyuzi 272, zinazoacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, shinikizo litapungua, kisha atathibitisha uwiano kwa geji ya kompresheni. Mnaonaje?

Torna na Byureti:
Kuhusu kemshafti, msingi wa hoja yake ni wa kweli. Valvu ya kuingiza ikichelewa kufunga, sehemu ya mchanganyiko hurudishwa nje katika mizunguko ya chini. Hata hivyo, mizunguko ikipanda, kasi ya hewa huijaza silinda vizuri na shinikizo hurejea, kwa hiyo utahitaji kompyuta inayopangika na mtu wa kuipanga gari likiwa pwani. Kwa mpango huo wote ningekubali kuzungumzia 11. Kwa kemshafti na kompyuta ulizo nazo, baki na 10.4.

Geji haipimi uwiano. Inapima shinikizo, na usomaji wake hubadilika kulingana na hali ya ringi, nguvu ya betri, wakati wa kufunga valvu na hata mwinuko wa mahali, kiasi kwamba injini ileile itasoma chini Nairobi kuliko Mombasa. Mwambie alaze hedi, aifunike chemba kwa kioo chenye tundu kilichopakwa grisi pembeni, kisha aijaze mafuta ya taa kwa byureti (mrija wa maabara wenye alama za ujazo), au kwa sindano ya hospitali yenye alama za mililita. Apime chemba zote nne, kisha ajumlishe unene wa gasketi iliyokwisha kubanwa na umbo la kichwa cha pistoni.

Mkaazi wa Lang'ata:
Nimekubaliana naye: hedi itasagwa kiasi cha kunyoosha uso tu, na chemba zitapimwa mbele yangu Jumamosi.

Mwana wa Makupa:
Vyema. Mkifika Mombasa, zifungue plagi na uzitazame kwa kioo cha kukuza. Ukiona chembe ndogo za aluminiamu juu ya kauri nyeupe, rudisha taimingi nyuma nyuzi mbili kabla ya kuanza safari ya kurudi, na kwenye mlima wa Mazeras tumia gia ndogo.